Munganga wa Kuku Weupe

Mwaka jana tulimzika munganga wetu, ndivyo tunavyomwita daktari hapa Likasi, na siku ile nilirudi nyumbani nimekasirika mpaka chakula kikanishinda. Wasemaji walipanga foleni kwenye kipaza sauti. Mmoja alisema marehemu alisoma Ulaya. Mwingine alisema ndiye daktari wa kwanza aliyeondoa saratani ya titi katika mji huu, bila kumpeleka mgonjwa Lubumbashi wala ng'ambo. Wa tatu, bwana mmoja wa tai nyekundu, alisifu vyombo, taa na chumba cha upasuaji kana kwamba tunazika jengo. Yote ni kweli, sibishi. Lakini jamani, hakuna hata mmoja aliyetaja kuku!

Wanaona aibu. Wanamtaka awe mkubwa kwa namna wanayoijua wao, ya suti na diploma, na wameacha nje jambo lenyewe lililotuokoa. Basi nitalitaja mimi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kurudia kitu mpaka kieleweke.

Alikuwa mtoto wa hapahapa, wa familia ya Kasai kama sisi, ambayo babu zake waliletwa kwa kazi ya migodi kama babu zetu. Alipomaliza masomo akarudi Likasi, watu walisema amefukuzwa huko, maana nani anarudi? Alikuwa mfupi, sauti yake kubwa kuliko kifua chake, mpenzi wa bukari, ugali wetu, na samaki wa Kapolowe. Kunong'ona hakujua. Ukikaa kwenye benchi la nje ulisikia kila alichomwambia aliye ndani, na wewe pia ukiingia walikusikia.

Kabla yake, mwanamke wa hapa mwenye kivimbe cha titi alipewa vidonge vya maumivu na kuombewa. Wenye uwezo walisafirishwa, na wengi walikuwa wamechelewa. Yeye akasema: tutakata hapa, na tutakata mapema. Kukata alijua. Vita yake yote ilikuwa kwenye hilo neno mapema, na waliokuwa wanampiga vita ni sisi wenyewe.

Nitaeleza ilivyokuwa kwa mama yangu, kwa sababu niliona kwa macho yangu.

Nilikuwa nimeanza kufundisha, bado naishi kwa wazazi. Mama aliuza vitenge sokoni, na baba alikuwa karani kiwandani. Siku ya harusi ya binamu yangu nilikuwa namfunga mama zipu ya gauni, mkono ukateleza ubavuni, nikagusa kitu kigumu kama kokwa ya avoka.

“Mama, hiki ni nini?”

“Zipu.”

“Mama!”

“Funga zipu, tunachelewa.”

Alicheza harusi nzima, mimi nikimwangalia tu kama polisi. Jumatatu nilimkokota mpaka zahanati ya mtaa. Muuguzi, mama mmoja mcheshi sana, alimpapasa, na mzaha wake akauacha katikati. Akatupeleka kwa munganga mwenyewe. Munganga alisikiliza maelezo ya muuguzi akiwa upande wa pili wa meza, mikono yake ameikunja, hakumkaribia mama hata kidogo.

“Bwana yako iko wapi?” akamuuliza. “Minye sishike muke wa muntu pasipo bwana yake kuwa hapa. Muje naye, na musingoje mvua.”

Mimi nikaona huo ni upuuzi. Daktari mzima, mgonjwa yuko mbele yake, anaulizia mume! Nilikuwa sijajua kwamba huyu mtu alikuwa anaona mbali kuliko mimi.

Jioni mama alimwambia baba. Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaenda kumwita dada yake mkubwa aliyekuwa jikoni. Shangazi huyo alikuwa akiishi kwetu tangu ndoa yake ya Kapolowe ilipovunjika. Sisi watoto tuliambiwa tu kwamba hawakuelewana. Kwetu Wakasai, dada wa baba ni baba wa kike. Akisema amesema. Na huyu alisema bila hata kukaa.

“Mbele ya kisu, aseme. Kama hajasema, kisu kitamuua. Ao kitakuua weye, ndugu yangu.”

Hapo inabidi nieleze desturi yetu ya tshibau. Mwanamke aliyeolewa akishikwa na mwanamume mwingine na akaficha, kule kuficha kunageuka sumu ndani ya nyumba. Mume anaugua, watoto wanakufa, au mwanamke mwenyewe anaota kitu mwilini. Dawa yake ni kusema mbele ya jamaa za mume, kumtaja huyo mtu kwa jina, na kutoa kuku mweupe. Sisi ni Wakristo, Jumapili mama aliimba kwaya na baba alisoma somo la kwanza pale mbele, tena kwa madaha. Lakini tshibau haiulizi umebatizwa parokia gani. Wakubwa wangu wote waliiogopa, na wengine waliomcheka munganga kwa Kifaransa mchana waliiogopa usiku kwa Tshiluba.

“Nitasema nini?” mama akauliza. “Nitaje nani? Mwanaume wa pekee mwenye amenishika ni huyu mwenye kulala na soksi!”

Baba akaangalia miguu yake. Shangazi hakucheka.

“Kila muntu iko na kitu,” akasema. “Tafuta vizuri mu roho yako. Na useme ukweli, hapana jina la kuokota tu. Ukweli.”

Alilirudia neno hilo kila siku. Asubuhi mama akipika chai: umetafuta? Jioni mama akirudi sokoni na furushi la vitenge kichwani: umekumbuka? Mama, ambaye aliweza kugombana na soko zima na kushinda, alijibu mwanzoni, kisha akaacha kujibu. Akaanza kulala upande mmoja. Ngozi ya titi ikaanza kuvutwa ndani. Miti ya jakaranda ikachanua mjini, na kila mtu wa Likasi anajua mvua ziko njiani. Na baba? Baba alifuta miwani. Nampenda baba yangu, lakini majuma yale ningeweza kuikanyaga ile miwani kwa kisigino.

Mama hakukataa kisu. Alikataa kuchafua jina lake ili akipate. Na shangazi hakulegea, na baba hakuthubutu kumpita dada yake, na kivimbe hakikungoja yeyote kati yao. Siku moja mezani nikalipuka. Nilimwambia shangazi kwamba yeye ni mwanamke mjinga, mwenye roho ngumu, na kwamba akitaka kuua mtu basi achukue kisu mwenyewe. Baba akasema “Aka!” akatoka nje. Shangazi akaendelea kumega bukari.

Kesho yake nikaenda kwa munganga peke yangu, nimejaa hasira, nikitegemea yeye msomi atacheka na mimi juu ya ujinga wa watu wetu. Hakucheka.

“Umemuambia nini shangazi yako?”

Nikamwambia.

“Kazi mzuri!” akapaza sauti, na benchi zima la nje likasikia. “Sasa hatakuja! Weye ni mwalimu, sivyo? Watoto wako unabafundisha kwa matusi?”

“Kidogo,” nikasema, maana alikuwa ameniudhi.

Hapo ndipo alipocheka. Kisha akaniambia neno ambalo mpaka leo nawarudia walimu wapya wa shule yetu. “Ule mama haiko adui. Anaogopa muke wa ndugu yake afe mukononi mwangu. Minye pia naogopa vile. Tuko upande moja. Muambie namuita yeye, kwa heshima. Muambie kama yeye hapana kuja, sitakata.”

Nikalimeza hilo, nikampelekea shangazi ujumbe. Sikuomba msamaha, lakini nilipiga goti wakati wa kusema. Yeye akaenda kutafuta viatu vyake vya kanisani.

Tulipoingia, mama, baba, shangazi na mimi, kulikuwa na kuku mweupe amefungwa kamba kwenye mguu wa meza. Mkubwa, msafi, anadonoa kiatu cha muuguzi. Baba alimwangalia kuku, akamwangalia munganga, akatoa miwani. Munganga alivua koti lake jeupe akalitundika, akabaki na shati kama mgeni aliyekuja ukweni. Akapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa, namna wazee wetu wanavyoomba ruhusa ya kusema.

“Papa, na weye mama mukubwa, musikie. Minye ni mwanaume. Nataka kushika titi la muke wa muntu, na nataka kulikata. Naisema leo, kabla mukono wangu haujafika. Sifichi. Tshibau inakula pahali penye kuficha, na hapa hakuna kuficha. Kuku njo huyu. Namtoa minye, hapana mama.”

Haki ya Mungu, hata kuku aliacha kudonoa. Nilitaka kupiga vigelegele. Huyu mtu alikuwa ameichukua desturi nzima, akaigeuza, akajiweka yeye mwenyewe mahali pa mkosaji, ili mwanamke atoke hapo bila doa. Nimesikia wenzake walimcheka mpaka akastaafu, wakamwita munganga wa kuku. Wacheke tu.

“Na ya nyuma?” shangazi akauliza.

“Ya nyuma ni ya mama na bwana yake na Mungu. Minye nimefungua bamama wengi. Benye walisema na benye hawakusema. Mule ndani, kintu ni kimoja.” Akamgeukia baba. “Papa, leta mukono.”

“Minye?”

“Ni muke wako ao wa nani?”

Akamfundisha. Si ncha ya kidole, tumbo la kidole. Polepole, kwa duara, mpaka kwapani. Baba akapitisha mkono chini ya kitenge cha mama, na mama akaangalia dari kwa uso wa mtu anayesubiri chenji. Watu walioishi pamoja miaka yote ile! Nikaona uso wa baba ukibadilika. Kitu alichokisikia kwa masikio tangu siku ya kwanza, sasa alikuwa amekigusa.

“Kinatembea,” akasema.

“Asante Mungu. Siku kitaacha kutembea na kushika mwili, minye sina kazi tena.”

Baba alilia waziwazi, makamasi na yote. Kisha akainama, akafungua kamba, akamkumbatia yule kuku kifuani. “Munganga,” akasema, “kata.” Hakumwangalia dada yake kwanza. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwona akiamua jambo bila kumwangalia dada yake.

Shangazi alikuwa bado na swali moja. “Benye walisema,” akauliza taratibu. “Kilipotea?”

“Hata kwa mumoja, mama.”

Akajifunika kichwa kwa kitambaa, akatoka. Nikafikiri ameshindwa na amekasirika, nikasema moyoni potelea mbali.

Hilo somo la tumbo la kidole, wanaume wa rika la baba wanalijua mpaka leo, na wanafundishana kwenye bia. Mume wangu alifundishwa na baba yangu juma la harusi yetu, mbele yangu, kwa kutumia chungwa, na nilitamani sakafu ipasuke. Madaktari vijana ambao munganga alituachia hawagusi mke wa mtu kabla ya kusema kwanza, wamesimama, koti limevuliwa. Wengine wamebadilisha kuku kuwa kreti ya limonada. Sawa tu, nyakati zimebadilika.

Mama alikatwa kabla ya mvua. Ilikwenda vizuri, vizuri kabisa, na yuko hai wakati naandika haya, anauza vitenge palepale na anawatukana wateja wanaoshika bila kununua. Alipoamka siku ile, neno lake la kwanza kwa baba lilikuwa kwamba sasa upande ule anapata upepo.

Alipoletwa nyumbani, shangazi ndiye aliyemwogesha. Hakuniruhusu mimi. Siku moja nilikuwa napeleka maji ya moto nikasikia kilio bafuni, nikafikiri mama ameanguka, nikasukuma mlango. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mzima. Aliyekuwa analia ni shangazi. Alikuwa ameshusha kitenge chake mpaka kiunoni. Titi lake la kushoto lilikuwa jiwe, lote, na chini kulikuwa na kidonda alichokifunika kwa kitambaa.

“Minye nilisema,” alikuwa anamwambia mama. “Kule Kapolowe. Kilikuwa kidogo wakati ule. Bawifi yangu walinikalisha chini, wakataka jina, na sikukuwa na jina. Nikataja jirani mwenye alinibebea mufuko wa mahindi. Bwana akanifukuza. Nikangoja kipotee. Hakikupotea.”

“Na ukanyamaza miaka yote hii!” mama akasema.

“Nilifikiri ni juu ya uongo. Nilisema uongo, njo maana dawa ilikataa. Kama ningesema ukweli ningepona. Njo maana nilitaka weye useme ukweli.”

“Lakini wifi, ukweli wangu ulikuwa hakuna kitu.”

“Na wangu vilevile,” shangazi akasema.

Maji yalikuwa yananiunguza mkono na sikuyaweka chini. Majuma yote yale nilimwona adui anayempeleka mama kaburini. Kumbe alikuwa akimsukuma kwenye mlango pekee aliodhani uko wazi, mlango aliojifungia mwenyewe.

Tulimpeleka kwa munganga. Kwa kuwa mume hayupo, baba alisimama badala yake kama ndugu. Munganga alipapasa muda mrefu. Kisha kwa mara ya kwanza nikamsikia akishusha sauti, mpaka nikalazimika kusogea. Hakumdanganya. Alimwambia hakitembei tena, kimeshika mifupa, hawezi kukikata. Angesafisha kidonda, angetuliza maumivu, na shangazi angeona mvua hizi, lakini za mwaka unaofuata asizitegemee.

Shangazi alifunga kitenge chake vizuri. “Bon,” akasema. “Basi unipeleke Kapolowe. Uwaambie na mudomo yako ya munganga kwamba ilikuwa ugonjwa.”

Jumamosi munganga mwenyewe alituendesha kwa gari lake, shangazi, baba na mimi. Baba aliuliza kama tupitie sokoni kununua kuku. “Leo hakuna kuku,” shangazi akajibu. “Sina deni na muntu.”

Aliyekuwa mume wake tulimkuta uani anapukuchua mahindi. Mzee sasa, ana mke mwingine na wajukuu. Alituletea viti. Munganga akasema aliyokuja kusema, kwa sauti yake kubwa, majirani wote wakasikia, na ndivyo shangazi alivyotaka: kitu kile kilikuwa ugonjwa tangu siku ya kwanza, hakikuletwa na dhambi, na hakuna jina duniani lingekiondoa. Shangazi akasimama.

“Ile siku nilisema uongo,” akamwambia mzee. “Sikulala na muntu. Hata siku moja.”

Mzee aliendelea kuangalia gunzi mkononi.

“Nilijua,” akasema.

Tukamtazama.

“Ile jirani, ile siku yenye ulisema ulilala naye, alikuwa na minye mu shamba. Toka asubui.”

“Na ukanyamaza?” shangazi akauliza.

“Mama yangu alikuwa pale. Na bakaka, benye kisha walitaka nikufukuze. Walisema ukisema utapona. Nikafikiri… wacha apone.”

Baba yangu hajawahi kumpiga mtu. Siku ile alisimama, na shangazi ndiye aliyemvuta shati akakaa. Hakumlaani yule mzee. Alimuaga kwa jina la ukoo wake, kama mke anavyoaga, akatangulia kwenye gari.

Munganga alikaa nyuma ya usukani na hakuwasha. Nilikuwa nyuma na shangazi, na sikuthubutu kumwangalia. Shangazi ndiye aliyeanza.

“Munganga. Jumatatu uko na nani?”

“Mama moja wa mtaa wa Panda,” akajibu bila kugeuka. “Kivimbe kidogo, kinatembea muzuri. Lakini mama mukwe yake anataka jina.”

“Washa gari,” shangazi akasema.

Jumatatu alifika kabla ya munganga mwenyewe, amevaa viatu vyake vya kanisani. Mama mkwe wa yule mwanamke wa Panda alikuwa amekwisha kaa kwenye benchi, mkoba magotini, uso umefungwa. Shangazi akakaa karibu naye. Akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani na za watoto, akangoja ajibiwe. Kisha akafungua kitenge kifuani.

“Angalia,” akamwambia. “Minye nilisema.”